Cheni Siyo Ile ya Pikipiki

Krrrr-tatatata. Halafu jogoo. Halafu kimya.

Sauti hiyo ilinijia kwa simu asubuhi mapema, mimi niko Korogwe nachochea jiko la mkaa nipashe uji, mwenye gari yuko Handeni kaingiza simu yake chini ya boneti. Mpaka leo nikikaa mahali penye utulivu naisikia vizuri, na yule jogoo namsikia, maana alidakia katikati kama shahidi ambaye hakuitwa. Wadogo zangu mnaotaka kuingia kwenye ufundi wa magari, leo nataka niwaeleze habari za sauti hiyo, na za neno moja dogo ambalo nusura liue injini nzima.

Kwanza niwaambie, watu wakisikia nimestaafu wanacheka. "Umestaafu nini wewe, hata mvi huna!" Nawajibu kwamba kilichostaafu ni mkono wa kulia, mimi nimeufuata tu. Vidole vinakufa ganzi nikishika spana. Daktari akaniambia niache kazi ya kukaza na kulegeza. Nikamuuliza, sasa dokta, ufundi ni kitu gani kingine zaidi ya kukaza na kulegeza? Akacheka, lakini hakubadilisha maneno.

Sijakaa kulia. Nina mpango wa chumba kimoja kule kwetu Makuyuni, na injini moja mbovu katikati kama meza ya chakula, wasichana waje waifungue na kuifunga mpaka waizoee. Chumba bado sina. Injini bado sina. Wasichana ninyi hapa mpo. Basi tumeshaanza.

Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, na gereji niliingia kwa mlango wa chai. Nilikuwa napeleka chupa na maandazi kwa mafundi wa gereji moja pale Korogwe, mjini. Nikimaliza kumimina nabaki naangalia. Siku moja Fundi Kupaza akanipa beseni la mafuta ya taa na nati zilizoganda uchafu, akasema, "Kwa kuwa huondoki, osha." Nikaosha. Kesho yake nikaja na chai na gauni la zamani.

Fundi Kupaza alikuwa Msambaa wa kutoka milimani, mtu mfupi, mpole, mkali kwa uchafu wa spana tu. Jina lake lilikuwa Kupaza, na kweli bila kupaza sauti hakusikii. Masikio aliyaacha ujanani kwenye mashine za mkonge. Mtaniuliza, fundi asiyesikia anatengenezaje injini? Alikuwa na bisibisi ndefu. Anaegemeza ncha yake kwenye injini inayounguruma, anauma mpini kwa meno, anafumba macho. Mtikisiko unapanda kwenye chuma unaingia kichwani. Alikuwa anaweza kukwambia ni silinda ipi inayolalamika. Mama mmoja mteja alimkuta hivyo akanivuta pembeni: "Mwanangu, huyu fundi wenu anakula bisibisi?" Nikamwambia hapana mama, anaisikiliza. Akasogeza kiti chake mbali kidogo.

Sasa kwa kuwa fundi hasikii wateja, mimi ndiye niliyegeuka masikio yake. Mteja akija na malalamiko, anayamwaga kwangu, mimi nayachuja, nampelekea fundi yaliyobaki. Hiyo ilikuwa kazi yangu kwa miaka mingi kabla hata sijaruhusiwa kushusha injini. Na nawaambia ukweli, kusikiliza malalamiko ni kazi ngumu kuliko kushusha injini. Injini haikasiriki ukikosea kuielewa.

Mtu hajui jina la kifaa. Anachojua ni kwamba gari lake lina sauti ambayo jana haikuwepo. Basi anakuigizia kwa mdomo. Nimeigiziwa sauti nyingi mimi. Mwingine anakwambia "inasaga", mwingine "inatafuna mifupa", mwingine "kama mtu anapepeta choroko kwenye ungo". Ukicheka umekwisha, hataigiza tena, na wewe umepoteza dalili. Alikuja hata mzee mmoja kutoka Lushoto, akavua kofia, akasema kwa heshima zote: "Mwanangu, gari langu linakohoa kama mimi nikiamka. Nikishakunywa chai natulia, na lenyewe likishatembea linatulia." Hakuna fundi aliyewahi kunieleza ugonjwa wa tenshena vizuri kuliko yule mzee. Ndipo nilipojifunza: mteja usimuulize tu inalia vipi, muulize inalia lini.

Niwaeleze huo ugonjwa wenyewe, kwa lugha ya jikoni. Zipo hizi vani ndogo za abiria, zenye mlango wa ubavuni wa kusukuma. Sitaji kampuni, maana ugonjwa huu hauna kabila. Ndani ya injini, mahali usipopaona, kuna cheni. Inaunga chini na juu, ili milango midogo ya injini, tunayoiita vali, ifunguke na kufungwa kwa wakati wake, isigongane na pistoni zinazopanda na kushuka. Pembeni ya cheni kuna kidole cha chuma kinachoisukuma isilegee. Hicho ndicho tenshena. Kidole hicho hakisukumwi na mtu, kinasukumwa na oili. Gari likilala, oili inashuka chini. Ukiliwasha asubuhi, kidole kama kimechoka hakina nguvu mpaka oili ipande, na cheni inapigapiga ukuta: krrrr-tatatata. Oili ikifika, kimya. Mchana kutwa kimya.

Sasa mnaona tabu iko wapi. Mwenye gari analia na sauti ya asubuhi, analipeleka gereji saa nne, injini ya moto, gari limenyamaza kama mtoto aliyeonyeshwa fimbo. Fundi anawasha, anasikiliza, anasema, "Gari zima hili." Mteja anarudi nyumbani anajiona mwongo. Wengi waliacha kulalamika kwa aibu, wakaja kulalamika siku injini imeshakatika. Na ukimuuliza, "Oili unabadilisha?" anakujibu kwa fahari, "Naongeza kila siku!" Kuongeza siyo kubadilisha, wadogo zangu. Hilo nililisema hadi mate yakakauka.

Hatibu, mwenye gari la ile sauti ya simu, hakuwa wa kuongeza, huyo alibadilisha. Gari lenyewe alilinunua likiwa limeshachoka.

Hatibu alikuwa dereva wa bodaboda Handeni. Akagongwa, mguu ukavunjika, akakaa ndani muda mrefu huku mama yake akimkanda na kumlisha. Alipoanza kutembea, mama akauza shamba la bondeni, lile linaloshika maji, na mnajua Handeni mvua ni ya kubembeleza. Wakanunua vani iliyotumika ili Hatibu abebe abiria wa kwenda Korogwe akiwa amekaa kwenye kiti, ndani ya bati. Mama yake akatoa sharti moja tu: pikipiki isirudi nyumbani kwangu. Haya yote Hatibu alinieleza mwenyewe, amekaa kwenye tairi bovu pale gereji, akisubiri watu wamwamini.

Maana alikuja mara nyingi na hakuna aliyemwamini. Akifika Korogwe na abiria wake, injini imeshapata moto, iko kimya. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, Juma Rangi, mpiga rangi, mdomo wake haukuwa na breki. Akimwona tu anaanza:

"Karibu mgonjwa! Gari lako linaumwa woga wa sindano. Likiiona gereji linapona."

"Wallahi linalia," Hatibu anasema.

"Linaliaje? Hebu lia wewe tusikie."

Na Hatibu wa watu, kwa kuwa anataka kusaidiwa, analia. Krrrr, tatatata. Juma Rangi anachukua kopo lenye misumari analitikisa kumwitikia, gereji nzima inaangua kicheko. Mimi nilikuwa nacheka mwanzoni. Halafu nikayaona macho yake. Mtu akiigiza ugonjwa wa kitu kinachomlisha mama yake, siyo mchezo wa kuigiza ule.

Nikampelekea fundi Kupaza habari, kwa kupaza. Akasema, "Alilaze hapa, asubuhi tutalisikia."

Hatibu akakataa. "Fundi, abiria wangu wote ni wa alfajiri. Nikililaza huku, wenzangu wanawabeba, na wakishazoea gari la mtu hawarudi."

Ndipo nikamwambia, "Basi kesho kabla hujaliwasha nipigie mimi. Ingiza simu chini ya boneti, mtu mwingine awashe." Siku hizi mteja anakurekodia sauti anakutumia, unaisikiliza hata ukiwa sokoni, unairudia unavyotaka. Raha tupu. Hatibu alikuwa na simu ya kitochi, hairekodi kitu. Ilibidi niisikie ikitokea, mara moja, pamoja na jogoo.

Nikakimbia na sauti hiyo kichwani kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja. Fundi Kupaza alikuwa anavaa ovaroli. Nikamwambia, nimeisikia! Akanigeuzia bega, akasema, "Ipige hapa."

Nikaipiga kwa vidole begani kwake. Haraka haraka, halafu inalegea, halafu inaachia.

"Tena."

Nikapiga tena.

"Hapo mwishoni ni nini?"

"Huyo ni jogoo, mzee."

"Jogoo mwache."

Nikapiga bila jogoo. Akatikisa kichwa polepole, akamaliza kufunga vifungo vyake. "Cheni imelegea. Tenshena imechoka. Mwambie asilisumbue gari, tuagize kifaa."

Nikampigia Hatibu. "Fundi kasema cheni imelegea."

Kisha nikamsikia anacheka, kicheko cha mtu aliyeambiwa mgonjwa wake anaweza kula. "Cheni tu? Alhamdulillahi! Dada fundi, si mngesema siku zote! Mimi nilidhani injini!" Akakata. Nikapiga tena nimweleze habari ya kifaa, hakupokea, yuko barabarani. Nikasema moyoni, si amefurahi? Basi ameelewa. Tukaagiza tenshena Tanga, ikaletwa na basi.

Sasa hebu lisikilizeni vizuri neno lile. Cheni imelegea. Ninyi mmekulia huku, pikipiki zimejaa kila kona. Cheni ya pikipiki ikilegea dereva anafanya nini? Anasimama kando, analegeza nati ya nyuma, anavuta tairi, anakaza, anaipaka oili chafu, anarudi kwenye mua wake anaendelea kutafuna. Ni jambo la dakika. Mtu aliyekula kwa pikipiki miaka yote ukimwambia cheni imelegea, umemwambia hana ugonjwa. Gereji tunalitumia neno hilohilo kwa kitu ambacho kinaweza kumzika. Neno moja, nyumba mbili.

Baadaye sana tulijaribu kulibadilisha. Nikaanza kuwaambia wateja "mkufu wa injini umelegea". Mama mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni wa dhahabu, na kama mafundi waliopita hawakuuchukua. Nikahamia "mnyororo". Babu mmoja wa Handeni akashtuka, "Nani ameifunga injini yangu minyororo?" Mwishowe nikawa nasema, "Kuna kidole cha ndani kinachoshika mashine, kimechoka, hakikazwi, kinabadilishwa." Ni maneno mengi, lakini hakuna aliyekwenda nyumbani kukikaza.

Turudi kwa Hatibu. Kesho yake asubuhi akanipigia, sauti imejaa furaha hadi simu inapasuka.

"Dada fundi, msihangaike tena! Nimepaona pa kukazia."

"Pa kukazia nini?"

"Cheni! Ubavuni pale kuna kidude kina nati mbili, spana namba kumi. Nimekitoa, kikaruka kama panya. Kweli bwana, kidole chake kimelegea, ukikigusa kinaingia. Nimekikatia kipande cha ndala, nimekiweka kwa nyuma kikisukume, nimerudisha nati. Abiria wamekaa ndani, nataka kuwasha tu."

Wadogo zangu, oneni hatari yenyewe. Cheni haina kishikio. Mpira wa ndala ndani ya oili ya moto. Akizungusha ufunguo, cheni inaruka meno, pistoni inapanda vali ikiwa bado wazi, zinagongana, na ile injini inakuwa chuma cha kupima kwenye mzani wa vyuma chakavu. Shamba la bondeni limekwenda.

"Usiwashe, Hatibu!"

"Dada, abiria wananiangalia."

"Hiyo siyo cheni ya pikipiki."

"Cheni ni cheni, dada. Mimi cheni naijua tangu sijaota ndevu."

Nilitaka nimweleze habari ya vali. Nikaona nikifika kwenye pistoni atakuwa ameshawasha. Nikauliza, "Mama yupo?"

"Yupo hapa, ameleta vikapu vya abiria."

"Mpe simu."

"Mama anajua nini habari za cheni?"

"Mpe simu, kaka yangu. Nimsalimie tu."

Hapo akashindwa, salamu huwezi kumnyima mtu. Nikasikia simu inabadilisha mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Ndiye wewe wa gereji?"

"Ndiye mimi, mama. Mama, Hatibu akiliwasha gari sasa hivi, pikipiki inarudi nyumbani kwako."

Hakuniuliza kwa vipi. Nikasikia sauti yake imegeukia upande mwingine, ndogo, haina hata hasira:

"Hatibu. Lete ufunguo."

"Mama, abiria..."

"Abiria watashuka. Lete."

Nikasikia nguo zinachakarika, mlango wa kusukuma ukafunguka, mtu mmoja akanung'unika kwamba atachelewa hospitali. Halafu mama akarudi kwenye simu. "Nimeufunga kwenye pindo la khanga yangu. Sasa nani atakuja kunieleza sababu?"

"Nakuja mwenyewe, mama."

Fundi Kupaza alikuwa chini ya lori la mbao, gia zote ziko nje, hawezi kutoka. Nilipiga magoti nikampazia habari nzima pale chini. Kitu pekee kilichotoka uvunguni ni mkono wenye funguo za kabati la vifaa, na maneno: "Kifaa kipya kwanza. Halafu zungusha injini kwa mkono. Ufunguo wa gari usiuguse mpaka mkono umekubali."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutumwa peke yangu kwa mteja. Nilipanda basi la Handeni na mkoba wa spana mapajani, tenshena nimeiviringisha kwenye kitambaa. Konda akaniuliza nimebeba nini kizito hivyo. Nikamwambia, kidole.

Nilipofika, vani ilikuwa kivulini pembeni ya nyumba, Hatibu amekaa kwenye bampa, uso chini. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kijiwe cha bodaboda, wenzake wa zamani, nao walikuwa wanampa dawa yao.

"Oya Hatibu! Kofia yako ngumu tumekutunzia!"

"Nafasi yako kwenye foleni ipo, mwanetu, hatujampa mtu!"

"Umeleta fundi wa kike? Basi kweli limekufa, huyo kaja kulilia!"

Nikawapungia mkono nikaenda kumwamkia mama. Alikuwa mrefu, mwembamba, amekaa kibarazani na pindo la khanga kalishika ngumi. Nikarudi kwa Hatibu.

"Gari liliwashwa?"

"Hapana."

"Nani alilileta kivulini?"

"Tulilisukuma. Mimi na hao." Akaonyesha kijiweni.

"Lilikuwa huru au kwenye gia?"

Akafikiri. "Huru." Akafikiri tena. "Nadhani."

Sijapata kulichukia neno "nadhani" kama siku ile. Kama lilisukumwa likiwa kwenye gia, injini ilizunguka bila kishikio, na cheni huenda ilisharuka, ufunguo au hakuna ufunguo. Sikumwambia. Nilifungua boneti.

Nikatoa zile nati mbili. Kidude kikatoka, na nyuma yake kipande cha ndala, bluu. Nikakifuta nikakitia mfukoni. Kabla sijafunga kifaa kipya nikamwita Hatibu, nikampa tenshena ya zamani. "Bonyeza kwa kidole gumba." Akabonyeza, ikaingia bila ubishi. Nikampa mpya. Akabonyeza, ikamgomea. Akabonyeza kwa nguvu, ikamgomea vilevile. Akaziangalia zote mbili viganjani.

"Kumbe haikazwi," akasema. "Inajikaza yenyewe."

"Ndiyo hivyo."

"Na hii ikichoka hakuna cha kukaza."

"Hakuna."

Akakaa tena kwenye bampa. Wale wa kijiweni wakapiga kelele za kofia, hakuwasikia.

Nikafunga kifaa kipya, nikafungua mfuniko wa juu wa injini ili nione alama. Kuna alama ndogo juu na chini. Injini ikiwa salama, ukiizungusha hadi mahali pake zinakutana zote. Nikavalisha spana kubwa kwenye nati ya chini, nikaanza kuzungusha. Hapa ndipo ufundi ulipo, wadogo zangu, na hakuna kompyuta itakayokufundisha. Usivute kama unayechota maji. Unavuta kama unayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto. Injini yenye afya inakuwa nzito, inalegea kidogo, inakuwa nzito tena, inapumua. Injini iliyoruka cheni inakugonga ghafla mkononi, ngo, kama umekuta jiwe. Ukiikuta ngo, simama hapohapo, usijaribu kushindana nayo.

Mzunguko wa kwanza nilisubiri ile ngo. Jasho linaingia machoni siwezi kufuta. Kijiweni wamenyamaza, kumbe wameshavuka barabara, wamesimama nyuma yangu, kofia kwapani. Mmoja akanong'ona, "Anasikiliza nini?" Mwenzake akamwambia anyamaze.

Nikazungusha mara ya pili. Nzito, laini, nzito, laini. Nikaleta alama. Zikakutana.

"Lilikuwa huru," nikamwambia Hatibu.

Alijifunika uso kwa mikono yenye grisi. Alipoinua kichwa alikuwa mweusi mashavu yote, na wale wenzake, badala ya kumcheka, mmoja akampa kitambaa.

Nikamwaga oili ya zamani, nikaweka mpya, nikafunga kila kitu. Hatibu akataka tuwashe. Nikamwambia tutawasha, lakini dawa ya ugonjwa huu inapimwa asubuhi, injini ikiwa imelala. Mama akasema basi na fundi naye alale. Tukala bada, ule ugali wa muhogo, na mlenda, akaniuliza habari za Makuyuni na za wazazi wangu, za injini hakuuliza hata moja. Ila lile pindo la khanga yake aliendelea kulikunja.

Asubuhi baada ya sala tukatoka wote nje. Akafungua fundo, akampa mwanawe ufunguo, akarudi nyuma hatua kama mtu anayewasha fataki. Hatibu akawasha.

Injini ikashika. Mimi nimeinamia boneti, nasubiri. Hakuna. Mngurumo mwembamba tu, sawasawa, kama cherehani ya jirani.

"Mbona halisemi?" mama akauliza.

"Ndiyo limepona, mama."

Akasikiliza tena, kichwa kimeinama. "Haya," akasema, akaingia ndani kupasha uji.

Abiria wa alfajiri walikuwa wameshaanza kusogea, na yule wa hospitali alikuwa wa kwanza, hasemi na mtu. Hatibu akaniambia panda mbele tuondoke, mama akaitikia kutoka ndani kwamba fundi haondoki na tumbo tupu, atapanda gari la pili. Vani ikaondoka. Nikabaki uani nakusanya spana.

Simu ikaita. Juma Rangi.

"Siwema! Nimesikia jamaa kaweka ndala kwenye injini. Ni kweli?"

"Nani kakwambia?"

"Habari zina miguu. Sikiliza, hicho kipande usikitupe, njoo nacho. Tumekiwekea nafasi kwenye waya."

Huo waya sijawaeleza. Pale gereji juu ya meza ya vifaa tulikuwa na waya wa kutundikia vituko. Kila kitu cha ajabu tulichokitoa kwenye magari ya watu kilining'inia pale: gunzi la mahindi lililozibia tangi, kipande cha sabuni ya kufulia, soksi. Na chini ya kila kimoja Juma aliandika kwa rangi jina la mwenye gari. Wateja walikuwa wanapita wanasoma, wanashika mbavu. Mimi mwenyewe nimecheka sana chini ya waya ule. Na Hatibu huegesha gari lake hatua chache kutoka hapo, kila akileta abiria Korogwe.

"Nimeshachanganya na rangi," Juma akasema. "Tunaandika: HATIBU, FUNDI NDALA."

"Juma, mtandao huku mbaya."

"Nakusikia vizuri mbona?"

Nikakata. Nikatoa kile kipande mfukoni. Kilikuwa duara kabisa, amekikata kwa kisu polepole, kingo zake amezilainisha kwa jiwe, kazi ya mtu aliyetaka kitu kipone. Mama alikuwa jikoni, namsikia anakoroga. Nikachukua kopo la maji pale kwenye ndoo, nikaenda choo cha nyuma ya nyumba, nikakitumbukiza shimoni. Nikanawa mikono, nikarudi kunywa uji.